Herufi Mbili za Damu: Selimundu, Darasa na Mwambao wa Ziwa Victoria

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi ambao jina lake limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili, seli na mundu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu ya mgonjwa, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini kiasi cha kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, hujikunja na kukakamaa hata zikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Chembe zilizokakamaa hukwama, na pale zinapokwama damu haipiti. Ndiyo sababu mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa na kifua, bandama yake huharibika angali mtoto, na wengine hupata kiharusi kabla ya kumaliza shule ya msingi. Aidha, chembe hizo hufa baada ya wiki mbili au tatu badala ya kuishi takriban siku 120 kama zile za kawaida, kwa hiyo mgonjwa huishiwa damu mara kwa mara na macho yake hugeuka manjano. Mitaani ugonjwa huu huitwa zaidi sikoseli, na katika mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria, Mwanza ikiwa kitovu chake, ni nadra kupata shule kubwa isiyokuwa na mwanafunzi anayeishi nao.

Historia ya selimundu katika mwambao huu ina jambo moja linaloitofautisha na historia za magonjwa mengine. Damu ya wakazi wa kando ya ziwa ilikuwa miongoni mwa damu za kwanza duniani kutumika kueleza kwa nini kinasaba kinachoua watoto kimeendelea kuwepo kizazi hadi kizazi, lakini maelezo hayo yaliondoka na sampuli, yakaingia katika majarida na vitabu vya mbali, na yakachukua zaidi ya nusu karne kuwarudia wenye damu yao. Yaliporudi, yalipitia mlango wa darasa la baiolojia, tena yakiwa katika sura ya swali la mtihani. Makala haya yanafuata safari hiyo, kisha yanapima kilichobaki ili somo hilo ligeuke kuwa kinga.

Msingi wa kuielewa safari yenyewe ni kanuni ya urithi. Kila binadamu hupokea vinasaba viwili vinavyoongoza utengenezaji wa hemoglobini, yaani protini iliyo ndani ya chembe nyekundu na inayobeba oksijeni kutoka mapafuni, kimoja kikitoka kwa baba na kingine kwa mama. Kinasaba cha kawaida huandikwa kwa herufi A na kile cha selimundu kwa herufi S, hivyo mtu aweza kuwa AA, ambaye hana kinasaba cha selimundu; AS, ambaye amekibeba bila kuugua; au SS, ambaye ndiye mgonjwa. Baba na mama wote wawili wanapokuwa AS, kila mimba huwa na uwezekano wa robo wa kupatikana mtoto AA, wa nusu wa kupatikana mtoto AS, na wa robo wa kupatikana mtoto SS. Uwezekano huo huanza upya kila mimba inapotungwa, kama sarafu inayorushwa bila kukumbuka ilivyoanguka mara iliyopita, na kwa sababu hiyo wazazi waliokwisha kupata mtoto mmoja mgonjwa hawawezi kujihesabia kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Kabla ya hadubini kufika, hapakuwa na jambo lililowaonyesha watu kwamba dalili hizi zote ni za ugonjwa mmoja. Mtoto mchanga aliyevimba viganja na nyayo, mwingine aliyeanguka kwa degedege akiwa na homa, mwingine aliyepauka akafa ghafla bandama ikiwa imevimba, na kijana aliyelia usiku kucha kwa maumivu ya mapaja walionekana kuwa na magonjwa manne tofauti, hata kama walizaliwa katika nyumba moja. Familia iliyozika watoto kwa kufuatana ilitafuta sababu iliyo karibu nayo, na katika jamii nyingi za kanda hii sababu hiyo ilitafutwa katika uchawi, mizimu iliyokasirika au ukoo wa upande mmoja wa ndoa. Mara nyingi mzigo wa lawama uliangukia kwa mama, ingawa kanuni ya urithi inaonyesha wazi kwamba mtoto SS hawezi kuzaliwa bila herufi moja kutoka kwa kila mzazi.

Katika maandishi ya tiba ya Magharibi, ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alipochapisha taarifa ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye damu yake ilionyesha chembe zilizopinda. Kwa miongo kadhaa baadaye, madaktari wa Marekani waliuona kuwa ni ugonjwa wa watu weusi wa nchi yao, na maswali ya asili yake yalibaki bila jibu. Mwaka 1949 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Kwa upande mmoja, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya kawaida, na hivyo selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza kuelezwa kuwa chanzo chake ni kasoro ya molekuli moja. Kwa upande mwingine, James Neel nchini Marekani na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, walithibitisha kila mmoja kwa njia yake kwamba mgonjwa amerithi kinasaba kutoka kwa wazazi wote wawili, ilhali mwenye kinasaba kimoja tu huwa mbebaji.

Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyelelewa katika shamba huko Gilgil nchini Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, akatumia nafasi hiyo kuchukua damu za makabila mbalimbali. Kipimo kilichokuwepo kilikuwa chepesi: tone la damu lilichanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo, na baada ya muda mfupi chembe zenye hemoglobini ya S zilionekana zikijikunja chini ya hadubini. Allison aliona kwamba katika nyanda za juu wabebaji walikuwa wachache mno, lakini katika pwani ya Bahari ya Hindi na kandokando ya Ziwa Victoria walizidi asilimia 20. Makabila yaliyokaribiana kwa lugha yalitofautiana sana kwa damu pale yalipotenganishwa na mwinuko wa ardhi, na yale yasiyo na udugu wa lugha yalifanana pale yalipoishi katika mabonde yenye mbu. Kwa maneno mengine, ramani ya kinasaba hicho haikufuata mipaka ya makabila, bali ilifuata ramani ya malaria.

Dhana aliyoijenga juu ya ramani hiyo ilikuwa kwamba mbebaji, yaani mwenye AS, hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo kinasaba kinachowaua watoto walio SS huendelezwa na ndugu zao walio AS wanaonusurika malaria. Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 ili kuipima dhana hiyo, na katika makala alizochapisha mwaka 1954 alitoa ushahidi wa watoto 290 wa Kiganda waliopimwa karibu na Kampala, ambamo vimelea vya malaria vilipatikana kwa uchache zaidi miongoni mwa wabebaji, pamoja na jaribio la kuwaambukiza malaria kwa makusudi Wajaluo 30 waliojitolea nchini Kenya. Kati ya 15 wasiokuwa na kinasaba cha S, 14 waliugua. Kati ya 15 waliokuwa nacho, waliougua walikuwa wawili. Jaribio la namna hiyo lisingekubalika kwa viwango vya maadili vya leo, lakini matokeo yake yaliingia katika misingi ya elimu ya viumbe kama mfano bayana wa uteuzi asilia kwa binadamu, yaani jinsi mazingira yanavyopendelea baadhi ya sifa za kurithi na kuzipunguza nyingine.

Kwa upande wa Tanganyika, ushahidi wenye uzito ulitoka wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa lililotawaliwa kutoka Mwanza. Katika takwimu alizochapisha mwaka 1956, Allison alilinganisha damu za watoto wachanga na za watu wazima wa eneo hilohilo, safari hii akitumia elektroforesi, njia ya kutenganisha aina za hemoglobini kwa mkondo wa umeme, ambayo tofauti na kipimo cha hadubini humtambua mbebaji na mgonjwa kila mmoja kwa nafasi yake. Kati ya watoto 287, waliokuwa AA walikuwa 189, AS 89 na SS 9. Kati ya watu wazima 654, waliokuwa AA walikuwa 400, AS 249 na SS 5. Ukizigeuza hesabu hizo kuwa asilimia, wabebaji walikuwa 31 kwa kila watoto 100, lakini 38 kwa kila watu wazima 100, wakati wagonjwa walishuka kutoka zaidi ya 3 kwa kila watoto 100 hadi chini ya 1 kwa kila watu wazima 100.

Safu hizo mbili za tarakimu zinasimulia maisha ya mwambao mzima. Kundi la SS lilipungua kwa sababu wengi wao hawakufika utu uzima. Kundi la AA nalo lilipungua kwa sababu malaria ilichukua sehemu yake. Na kundi la AS likaongezeka kwa uwiano, si kwa kuzaliwa zaidi, bali kwa kufa kidogo zaidi. Aidha, kama wabebaji walikuwa 38 kwa kila watu wazima 100 na watu waliooana bila kujua hali zao, basi takriban ndoa moja kati ya saba ilikuwa ya wabebaji wawili. Takwimu za Musoma zimeendelea kunukuliwa katika vitabu vya jenetiki vya ulimwengu mzima, na wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani wamefanya nazo mazoezi ya hesabu ya uteuzi asilia kwa miongo mingi. Katika mwambao wenyewe, ambako watu hao 941 walitoa damu, matokeo hayo hayakuanzisha kliniki ya wagonjwa wala somo la shule, na wazazi waliendelea kuzika watoto bila kuambiwa jina la kilichowaua.

Hali hiyo haikutokana na upungufu wa taasisi za utafiti. Mwanza ilikwisha kuwa makao ya kitengo cha utafiti wa tiba cha Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwanza kikishughulikia matende na maradhi mengine ya vimelea, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 kazi hiyo ikarithiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwaka 1971 hospitali kubwa ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa, ilifunguliwa, na kwa muda mrefu imekuwa hospitali ya rufaa ya kanda yote. Hata hivyo vipaumbele vya nyakati hizo vilikuwa malaria, kichocho, kifua kikuu na utapiamlo, na baadaye virusi vya ukimwi. Mtoto mwenye selimundu aliyefikishwa wodini akiwa na homa na upungufu wa damu alionekana kwanza kuwa mgonjwa wa malaria, na mara nyingi kweli alikuwa nayo, kwa kuwa hemoglobini ya SS haimpi mtoto nafuu dhidi ya malaria, bali malaria humvunjia damu kidogo aliyokuwa nayo. Kwa namna hiyo selimundu ulijificha nyuma ya magonjwa mengine hata katika vyeti vya vifo.

Wakati huo elimu ya tiba ilisonga mbele kwingineko. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya penisilini ikitolewa kila siku kwa watoto wadogo wenye selimundu hupunguza kwa kiasi kikubwa sana maambukizi ya bakteria yanayowaua ghafla, na tangu hapo kumtambua mtoto mapema, kabla hajaugua, kukawa na faida isiyopingika. Mwaka 1995 haidroksiyurea, dawa inayouchochea mwili utengeneze tena hemoglobini ya utotoni isiyojikunja, ilithibitishwa kupunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima, na mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale ukaonyesha kwamba inafaa na ni salama kwa watoto wa Afrika pia. Nchini Tanzania, ambako watoto wanaozaliwa na selimundu hukadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka, mpango maalumu wa utafiti na tiba ulianzishwa Muhimbili mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 2008, uliitenga tarehe 19 Juni kila mwaka kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu kuhusu ugonjwa huu.

Kanda ya Ziwa ilipata ramani yake mpya kwa njia ya busara na ya gharama ndogo. Kwa miaka kadhaa, damu za watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya ukimwi zilikuwa zikidondoshwa kwenye karatasi maalumu, zikakaushwa na kupelekwa Bugando kupimwa. Watafiti wa Bugando wakishirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati ya Marekani walizitumia karatasi hizohizo kupima hemoglobini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, yakitokana na sampuli zaidi ya 17,000 za kaskazini magharibi mwa Tanzania, yalionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha S, na kwamba watoto 12 kati ya 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Uganda, iliyokuwa imetumia njia kama hiyo nchi nzima na kuchapisha matokeo yake mwaka 2016, ilipata wabebaji asilimia 13.3 na wagonjwa asilimia 0.7, viwango vilivyo chini ya vile vya upande wa kusini wa ziwa. Mwambao uliompa Allison ushahidi ulithibitika, zaidi ya miaka 60 baadaye, kuwa bado ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa wa selimundu duniani.

Hata hivyo ramani ya mkoa haimwambii mtu mmoja hali yake, na hapo ndipo historia ya darasa inapoingia. Katika mtaala wa shule za sekondari za Tanzania, mada ya urithi imefundishwa kwa miaka mingi katika Kidato cha Nne, na selimundu ni mmoja wa mifano inayopendwa na walimu na watunga mitihani. Mwanafunzi hujifunza kuchora mraba wenye vyumba vinne, akaweka herufi za baba juu na za mama ubavuni, akazichanganya na kutaja uwezekano wa kila mtoto. Zoezi ni zuri kwa mantiki yake, lakini lina upungufu wa aina tatu. Kwanza, linamfikia aliyebaki shuleni hadi Kidato cha Nne tu, ilhali wengi wa vijana wa vijiji vya uvuvi na vya wakulima wa pamba na mpunga walikwisha kuacha masomo kabla ya hapo. Pili, linafundishwa kwa Kiingereza, hivyo msamiati wa darasani haukutani na msamiati wa kliniki, ambako muuguzi husema selimundu na mama husema sikoseli, na mwanafunzi aliyefaulu swali anaweza asitambue kwamba ugonjwa wa mdogo wake ndio ule alioufanyia hesabu. Tatu, herufi za ubaoni ni za baba na mama wa kubuni. Mwanafunzi huhesabu damu ya watu wasiokuwepo, akamaliza shule bila kujua herufi zake mwenyewe.

Kwamba elimu peke yake haitoshi ni jambo ambalo Mwanza imekwisha kulipima kwa kipimo kigumu kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kuanzia mwaka 1999, mradi wa MEMA kwa Vijana uliingiza elimu ya afya ya uzazi katika madarasa ya tano hadi ya saba ya shule za msingi za vijijini mkoani humo, walimu wakisaidiwa na wanafunzi waelimishaji rika, huku zahanati zikifundishwa kuwapokea vijana kwa staha. Jumuiya 20 ziligawanywa kwa kura, 10 zikapata mradi na 10 zikawa za kulinganishia. Tathmini zilionyesha kwamba ujuzi wa vijana uliongezeka na kwamba ongezeko hilo lilidumu kwa miaka, lakini maambukizi ya virusi vya ukimwi hayakupungua kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa. Funzo lake ni kwamba darasa linaweza kujaza kichwa bila kubadili maamuzi, pale ambapo umaskini, desturi na shinikizo la watu wazima vinabaki vilevile nje ya lango la shule. Somo la selimundu lina unafuu mmoja ambao somo la ukimwi halikuwa nao: kinachohitajika kwa mwanafunzi si kubadili mwenendo wa kila siku, bali kupima mara moja tu maishani, kwa kuwa herufi za damu hazibadiliki.

Unafuu huo, hata hivyo, una hatari zake, na nchi nyingine zimezipitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kulazimisha upimaji, baadhi yakiwalenga watoto wanaoanza shule, kabla ya kuandaa ushauri nasaha; wabebaji wasio na ugonjwa walichukuliwa kuwa wagonjwa, wengine wakanyimwa bima na kazi, na sheria ya taifa ya mwaka 1972 ikabidi isisitize kwamba upimaji uwe wa hiari. Katika kijiji cha Orchomenos nchini Ugiriki, wakazi walipimwa katika miaka hiyohiyo na kushauriwa, lakini utafiti uliofuata uligundua kwamba kubeba kinasaba kulikuwa kumegeuka aibu, baadhi ya watu wakificha majibu yao wakati wa kuposa, na ndoa za wabebaji wawili hazikupungua kuliko ambavyo zingetokea kwa bahati tu. Kwa upande wa Ghuba, Bahrain ilichagua njia ya shule kwa mpangilio: katika mwaka wa masomo 1998/1999 wanafunzi 5,685 wa sekondari walifundishwa, wakapimwa selimundu, talasemia, ambayo ni upungufu wa kurithi wa utengenezaji wa hemoglobini, pamoja na ukosefu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hufanya chembe nyekundu za mtu zivunjike akitumia baadhi ya dawa, na kila mmoja akapewa majibu yake kwa maelezo. Upimaji kabla ya ndoa ulifanywa kuwa sharti la kisheria mwaka 2004, wakati ambapo kizazi kilichofundishwa shuleni kilikuwa kinaanza kuoa na kuolewa, na idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu nchini humo imepungua sana.

Kutokana na mifano hiyo, mwelekeo unaofaa shule za Mwanza, Mara, Geita na Simiyu unaweza kuelezwa bila kubahatisha. Somo lianzie shule ya msingi, kwa Kiswahili, likitumia neno sikoseli na neno selimundu kwa pamoja ili kliniki na darasa viongee lugha moja. Lifundishwe pamoja na historia yake, kwa kuwa mtoto anayeelewa kwamba herufi S ni alama iliyoachwa na mababu walionusurika malaria ya mwambao hana sababu ya kuiona kuwa laana wala kuilaumu nyumba ya upande mmoja. Papo hapo aambiwe kwamba kinga ya mbebaji si kamili, na chandarua bado ni chake. Upimaji uwe wa hiari, kwa ridhaa ya mzazi na ya mwanafunzi, majibu yatolewe faraghani na yasisomwe mbele ya darasa, na kusiwe na kipimo pasipo mshauri. Vipo leo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu na kutofautisha AA, AS na SS ndani ya dakika chache, hivyo umbali wa maabara si udhuru mkubwa kama ulivyokuwa zamani. Kadhalika, shule ijue namna ya kuishi na mwanafunzi aliye SS: anywe maji mara kwa mara, asikimbizwe mchakamchaka hadi achoke wala kuachwa alowe kwa mvua na baridi, asiadhibiwe kwa kukosa masomo wakati wa maumivu, na homa yake isisubiri hadi kesho.

Lengo la ujuzi huo halipaswi kuwa kuwakataza vijana kupendana. Mbebaji anayemwoa mtu mwenye AA hatapata mtoto mgonjwa, na wabebaji wawili wanaoamua kuoana wakijua hali zao watajua pia kumpima mtoto wao siku za kwanza na kumwanzishia penisilini kabla ya ugonjwa kuanza kumwandama. Makanisa mengi ya kanda hii yamekwisha kuwazoesha wachumba kupima virusi vya ukimwi kabla ya kufunga ndoa, na misikiti nayo ina mafunzo yake ya ndoa. Kuongeza herufi mbili katika mazungumzo hayo si jambo la kigeni. Wapo pia watakaotaja tiba mpya za kuhariri vinasaba zilizoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, na upandikizaji wa uboho, ulioanza kufanyika Dodoma kwa watoto wenye selimundu mwaka huohuo. Ni hatua za kheri, lakini kwa wingi wa watoto wanaozaliwa kila mwaka, zitawafikia wachache kwa muda mrefu ujao.

Hesabu ya mwisho ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Kama mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, ndoa moja kati ya 25 inaweza kuwa ya wabebaji wawili, na robo ya mimba za ndoa hizo itakuwa SS, yaani mtoto mmoja kwa kila 100, kiwango kilicho karibu sana na kile kilichopatikana katika karatasi za damu za Bugando. Watu wa Musoma walitoa damu yao miaka ya 1950 ili ulimwengu uielewe hesabu hii, na ulimwengu umeielewa. Deni lililobaki ni kwa wajukuu wao wanaokaa leo kwenye madawati ya mwambao huu, na deni hilo litakuwa limelipwa siku ambayo mwanafunzi anayejaza mraba wa vyumba vinne katika karatasi ya mtihani atakuwa anajua pia herufi mbili za damu yake.